Kanga wa mwituni akija kula na kuku wako

Ikiwa chai imekwisha kumiminwa na vijana wameacha kugombania gazeti, nipe dakika chache tuzungumze habari za kuku. Usiniambie kwamba unaishi katika nyumba ya kupanga huko Umoja au Changamwe, na kwamba kuku na wewe ni wapi na wapi. Kuku anayekuhusu huenda yuko kwa nyanya yako mashambani, na wewe mwanafunzi, huenda ndiye aliyekulipia nauli ya kurudi shuleni muhula uliopita bila ya wewe kujua.

Liko swali ambalo wafugaji wa kuku wa kienyeji huniuliza kila ninapozuru upande wa ziwa. Ndege wa mwituni akitokea siku moja, akajichanganya na kuku wa nyumbani, akala nao, akanywa nao na jioni asiondoke, afanywe nini? Afukuzwe? Achinjwe? Au aachwe ajihesabu mmoja wa jamaa? Ukilisikia ni swali jepesi. Nilipofika Ahero nililikuta limegawanya boma zima, baba hasemi na mwana, na shemeji anakula kwake.

Ahero, kwa wasiopajua, ni mji mdogo ulioko yapata kilomita 25 mashariki ya Kisumu, kwenye barabara iendayo Awasi, Kericho hadi Nairobi. Jina lenyewe kwa Kijaluo lina maana ya “napenda”, na msafiri aliyeshuka hapo jua la saa saba akiwa na njaa ataelewa, kwa kuwa samaki na wali havikosekani. Wali huo unatoka papo hapo. Mashamba ya mpunga ya Ahero yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika uwanda wa Kano, na maji yake hupampuliwa kutoka mto Nyando. Palipo na mpunga na maji yaliyotuama, ndege hawangoji mwaliko. Utawaona yangeyange, ambao wenyeji huwaita okok, wakimfuata ng'ombe unyo kwa unyo. Utawaona kwarara, korongo wa kila aina, bata mwitu wanaopiga mluzi wakiruka usiku, na kwelea kwelea wanaokuja kama wingu la vumbi. Na boma nyingi ziko hatua chache tu kutoka kwenye mifereji. Basi kuku wa Ahero, tofauti na kuku wa mahali pakavu, huishi na majirani wengi wenye mabawa.

Nyanya ninayetaka kukusimulia habari zake ana kuku thelathini na kitu. Hauzi mayai kwa trei wala hana banda la kisasa. Huuza jogoo mmoja huyu, tembe mmoja yule, kila shida inapobisha: pesa za chakula cha mchana za mjukuu aliye kidato cha tatu, ada ya mtihani, dawa. Mvua za masika zilipoanza, kanga mmoja akatokea uani asubuhi wakati wa kumwaga mtama. Hakuwa na mwenziwe. Kuku walimpisha kwa mshangao, naye akadona kama aliyezoea. Jioni kuku walipoingia kibandani, yeye alirukia juu ya mti uliokinga kibanda hicho akalala huko. Kesho yake akarudi chini, na keshokutwa vilevile.

Wajukuu walimpa jina Wendo, yaani mgeni. Mdogo wao kabisa alikuwa akiuliza, “Dani, huyu ni gweno au ni aweno?” Gweno ni kuku na aweno ni kanga, majina ambayo hata kwa sikio yanakaribiana, kama kwamba waliowapa ndege hao majina waliona udugu fulani. Dani alimjibu kwamba mgeni haulizwi ukoo kabla hajala.

Kwa muda wa miezi mambo yalikuwa shwari. Kanga ni mlinzi hodari kuliko mbwa mvivu. Mwewe akionekana angani, nyoka akitambaa uani au mtu asiyejulikana akipita uzioni, yeye hupiga ukelele wa kukwaruza usiokoma, na kuku hujifunza upesi kukimbilia vichakani wanapousikia. Ni kweli alimwonea jogoo mpaka jogoo akawa anakula wa mwisho, lakini nyanya alisema vifaranga vilivyochukuliwa na mwewe msimu huo vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kisha kuku wakaanza kufa. Wanne walikufa kwa siku mbili, mabawa yameteremka, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Kabla ya juma kwisha walikuwa kumi na wawili. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwana mkubwa wa nyanya alisema kwamba ugonjwa umeletwa na kanga wala pasiwe na mjadala, akatwe shingo leo. Jirani alikubali upesi mno, na nadhani supu ilikuwa imemwingia akilini. Wajukuu walilia. Nyanya, ambaye ndiye aliyekuwa akizihesabu shilingi zilizolala pale chini zimekauka, hakusema neno.

Aliyeamua kesi hiyo alikuwa afisa wa mifugo aliyeitwa kwa simu na mwalimu wa jirani. Hakumtazama kanga hata kidogo. Swali lake la kwanza lilikuwa: “Ni kuku gani mpya mliyemleta hapa hivi karibuni?” Kimya. Halafu ikabainika kwamba huyo huyo mwana mkubwa alikuwa amenunua jogoo sokoni siku chache kabla, kwa bei nafuu, na jogoo huyo ndiye aliyetangulia kufa. Watoto walitaka kushangilia kwamba Wendo hana hatia, kwa sababu alikuwa mzima. Afisa akawakatiza: kuwa mzima kwake hakuthibitishi kitu, kwa kuwa kanga naye anaweza kuugua ugonjwa huohuo.

Ugonjwa wenyewe ni kideri, ambao Watanzania wengine huuita mdondo. Ni virusi. Hauna dawa ya kuutibu na unaweza kufagia kibanda kizima kwa siku chache. Nakuomba msomaji uliandike hili mahali: katika vijiji vyetu kideri husafiri zaidi kwa miguu ya binadamu kuliko kwa mabawa ya ndege wa porini. Husafiri ndani ya tenga la mchuuzi, katika kuku anayeuzwa haraka kwa sababu mwenyewe ameona wenzake wakisinzia, juu ya viatu, katika manyoya yaliyotupwa jalalani baada ya kuchinja. Ndiyo maana mara nyingi huzuka wakati wa sikukuu, kuku wanapohamishwa kwa wingi. Kumsingizia ndege wa porini ni rahisi kwa kuwa hana wa kumtetea.

Lakini kwa nini ndege aliyezaliwa huru ajilete kwa kuku?

Kanga si ndege wa kukaa peke yake. Nje ya msimu wa kutaga huishi makundi makundi, pengine ishirini, pengine zaidi, na macho mengi ndiyo ngao yao. Akipotezana na wenziwe, kwa sababu ya mbwa, mtego au mafuriko ya Nyando ambayo hayaishi kuisumbua Kano, kanga mmoja ni mawindo tu. Akiona ndege wengine wa kimo chake, wanaoparua ardhini kama yeye na kukimbia wanaposikia hatari, anajiunga. Chakula ni sehemu tu ya jambo hilo. Angetaka chakula peke yake angefanya kama shomoro na njiwa pori, wanaokuja mtama ukimwagwa na kuondoka ukiisha. Hao ni wageni wa karamu. Yule anayelala kwako ametafuta jamaa.

Njia ya pili ni ile ambayo vijana wengi wa bara wanaijua vizuri kuliko wanavyokiri mbele ya wazazi. Mchungaji anaokota mayai ya kanga nyasini, anayatia kofiani, anayafutika chini ya kuku anayeatamia. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya kanga huchukua siku 26 hadi 28, kwa hiyo kuku mwenye haraka huyaacha yakapoa. Akivumilia, vifaranga hutoka vyenye milia vikimfuata yeye na kumwita mama. Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza jambo hili katika miaka ya 1930 kwa kutumia bata bukini: kinda aliyetoka yaini hufuata kitu cha kwanza kinachotembea mbele yake, hata kama ni mzee mwenye ndevu na buti. Bukini wake walimfuata hadi majini, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wa tabia za wanyama. Vifaranga hivyo vya kanga vikikua, vingine huruka na kutokomea, vingine hurudi siku moja. Kwa hiyo huyo “wa mwituni” unayemstaajabia huenda amelelewa na kuku wa jirani yako.

Kule Asia, msomaji, jambo hili ni la kale kuliko hapa. Kuku wote tulio nao, wa kienyeji na wa gredi, wametokana na jogoo wekundu wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia. Majogoo hao wa msituni wangali wako, na hutoka msituni kuwatembelea tembe wa vijijini hata leo, mpaka wataalamu wanahofia kwamba damu ya jogoo halisi wa msituni inapotea kwa kuchanganyika. Afrika Kusini wana kisa cha namna hiyo kwa bata: bata wa kizungu wenye vichwa vya kijani, walioletwa kwa urembo wa mabwawa, wamezaa na bata wa asili wenye midomo ya manjano, na mji wa Cape Town umelazimika kuwapunguza wageni hao. Kumbe hatari haimwelekei kuku tu. Wakati mwingine ni sisi tunaoliharibu pori.

Watu wa ziwani, bila shaka, hawakungoja wataalamu kujua kwamba ndege humwitikia ndege mwenzake. Waulize wazee wa Siaya, Busia na Kisumu juu ya aluru, yaani tombo, ambao wauzaji wa Nairobi waliwaita kware. Mtegaji husuka vitunga, humtia tombo dume ndani ya kila kimoja na kuvitundika juu ya mti mrefu uliosimikwa wima uwanjani, kimoja juu ya kingine. Wakati wa mvua, tombo wanaposafiri usiku, madume hao huita. Walio angani husikia sauti ya wenzao, hudhani pako salama, hushuka. Chini nyasini vitanzi vinawangoja. Mtego huo umejengwa juu ya kitu kilekile kilichomleta Wendo kwa nyanya wa Ahero, ila mwisho wake ni kikaangoni. Nawakumbusha pia waliopoteza akiba zao mwaka 2013 na 2014, wakati yai la tombo, dogo kama gololi kubwa, lilipouzwa hadi shilingi 100 kwa uvumi kwamba linatibu kila maradhi. Bei ilipoanguka, watu walibaki na vizimba na kelele.

Turudi kwenye hatari, maana sipendi msomaji aondoke akidhani kwamba kila mgeni ni Wendo.

Ninaowaogopa mimi ni bata. Bata mwitu anaweza kubeba virusi vya homa ya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili yoyote, akavimwaga majini pamoja na kinyesi chake. Bata wako wa nyumbani akishinda katika mfereji huohuo wa mpunga, kisha jioni akarudi kunywa bakuli moja na kuku, basi umejenga daraja. Thailand ilijifunza hivyo mwaka 2004, ilipoonekana kwamba bata wanaochungwa katika mashamba ya mpunga walihusika sana na kuenea kwa ugonjwa huo. Wala usiseme kwamba Thailand ni mbali. Januari mwaka 2017 homa ya aina ya H5N8 ilithibitishwa Uganda, kwenye ziwa letu hilihili: ndege wa majini walikutwa wamekufa ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na bata na kuku wa nyumbani wakafa upande wa Masaka. Kenya ilipiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda mwezi huohuo. Na wakubwa wenzangu watakumbuka mwaka 2006, hofu ya homa hiyo ilipowafanya watu wakatae kuku hotelini ingawa hapa kwetu haukuthibitishwa ugonjwa. Aliyeumia wakati huo alikuwa mama wa kuku thelathini.

Bata mwitu mmoja akitua uani, mfukuze. Si ukatili. Makofi na bati lililogongwa vyatosha. Yeye ana ziwa zima. Bata bukini wa Misri, wale wakubwa wenye duara la kahawia jichoni, wafukuze mapema zaidi, kwani wakianza kutaga karibu nawe hupigana na kila kitu, na makinda ya bata wako hayatapona.

Kuna jambo jingine la Kano ambalo wageni hawalijui. Januari mwaka 2023 kwelea kwelea walivamia mpunga wa Kisumu, wakala mamia ya ekari, na serikali ikanyunyizia sumu iitwayo fenthioni. Ndege mmoja wa hao, mdogo kama shomoro, hula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Huo ni ujazo wa vijiko vichache, lakini zidisha kwa milioni. Simlaumu mkulima aliyelia. Hata hivyo sumu inayomwua kwelea haichagui. Kuku akidona mzoga, mwewe akimla aliyelegea, mtoto akiokota ndege walioanguka kwa kitoweo, sumu inahamia kwake. Ukisikia kwamba kunanyunyiziwa, fungia kuku ndani siku chache na uwaambie watoto wasiokote kitu.

Na sheria je? Hili huwaudhi wengi, lakini nitalisema. Kanga aliyezaliwa porini si mali yako hata akilala kwako mwaka mzima. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kuwa kosa kumwinda, kumfuga au kumwuza ndege wa porini bila kibali. Ukitaka kufuga kanga kwa biashara, nenda ofisi ya KWS, upande wa Kisumu ukaulizie, upewe kibali na uelekezwe kwa mfugaji aliyeidhinishwa ununue mbegu. Jirani wa supu hakufurahi niliposoma maneno hayo kwa sauti. Kwa bahati, sheria haikulazimu kumfukuza ndege aliyekuja kwa hiari yake. Usimfungie, usimkate mabawa, usimpeleke sokoni. Akae, aondoke, ni shauri lake.

Vijana wanne tofauti wameniandikia kuuliza kama kanga na kuku wanaweza kuzaa. Wanaweza, lakini ni nadra sana, na vifaranga vyao vikikua havizai. Msipoteze likizo mkingoja.

Linalobaki ni la kina mama. Wapeni kuku chakula kidogo kidogo kinachokwisha, kisilale uani kikawaita ndege wa kila namna. Maji yawe ya kisima au ya bomba, si ya mfereji, na bakuli lioshwe kila asubuhi. Kuku aliyenunuliwa sokoni asichanganyike na wenziwe kabla ya majuma mawili. Mfunge mguu nyuma ya nyumba au umtie chini ya tenga, ale peke yake, na anayemhudumia anawe mikono kabla ya kugusa wengine. Aliyekufa bila sababu kujulikana asiliwe. Azikwe kwa kina au achomwe, na afisa wa mifugo apigiwe simu.

Kisha chanjo. Ya kideri hutiwa tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walio nao jamaa moja, na ikisha kufunguliwa haifai kuwekwa akiba. Ndiyo sababu mwenye kuku kumi huona ni hasara akaacha. Basi wakutane majirani watano au sita, wachange, wachague siku moja, mmoja aende kuichukua mapema kwenye duka la dawa za mifugo akiwa na chupa ya chai yenye barafu, na watoto wawe wamewafungia kuku ndani tangu usiku, kwa sababu kumkimbiza jogoo wa kienyeji saa nne ya asubuhi katika matope ya Kano ni kazi ambayo simtakii mtu. Kanga atabaki juu ya mti akipiga kelele. Mwacheni.